Kitenzi cha Kutuma: Kilatini na Kiswahili Kando ya Ziwa Tanganyika



Tumeombwa katika jubilei hii tuseme machache juu ya Kilatini, lugha ambayo wazee wetu waliiitikia kanisani tangu utoto wao, wengine pasipo kujua maana yake, na ambayo vijana wa leo waijua kwa nyimbo chache tu. Kilatini ni bahari, wala muda wetu hautoshi kuivuka. Kwa hiyo tumechagua kitenzi kimoja, nacho ni mittere, maana yake kutuma. Kila mmoja wetu asemapo misa, au asemapo misioni, hutamka kipande cha kitenzi hicho, hata kama hakupata kufungua kitabu cha Kilatini. Tena iko sababu nyingine, nzito zaidi, inayotuhusu sisi watu wa Ujiji na Kigoma kuliko watu wa mahali pengine, hiyo tutaifikia.

Katika kamusi kitenzi hiki huandikwa kwa maneno manne: mitto, mittere, misi, missum. Mwenye kuyashika hayo manne amekishika kitenzi chote, kama wavuvi washikavyo wavu kwa pembe zake. Mitto ni "natuma". Mittere ni "kutuma". Misi ni "nilituma" na pia "nimetuma", kwa maana Kilatini hakitengi li na me kama tufanyavyo sisi. Msomaji hutambua kwa maneno ya jirani. Missum ndilo shina linalozaa missus, yaani "aliyetumwa", na huyo missus ndiye tutakayemkuta tena na tena leo.

Sasa sikilizeni nafsi zake. Mitto, natuma. Mittis, watuma wewe. Mittit, atuma. Mittimus, twatuma. Mittitis, mwatuma. Mittunt, watuma wao. Mzungu asomaye Kilatini kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba mtendaji na tendo vimefungwa katika neno moja, kwa sababu lugha yake humtenga mtu na tendo lake. Mtoto wa Ujiji hashangai hata kidogo, kwa kuwa ndivyo asemavyo nyumbani kwao. Tofauti ni mahali tu. Sisi humweka mtu mbele ya tendo, na Warumi walimweka nyuma: katika twatuma mtu yu mlangoni, katika mittimus yu uani. Tena angalieni jambo moja ambalo Kilatini kimetushinda. Sisi tukisema "watuma", hatujui kama ni wewe mmoja au ni wale wengi, mpaka maneno mengine yatufumbulie. Kilatini kina mittis kwa wewe na mittunt kwa wao, wala hakuna kuchanganya.

Lakini katika kulibadili tendo lenyewe mambo yamegeuka chini juu. Sisi twaongeza nyuma: tuma, tumia, tumika, tumikia, tumana. Warumi waliongeza mbele: promittere, kutuma mbele, ndiyo kuahidi, remittere, kurudisha, ndiyo kusamehe, na kutoka humo ni remissio, ambayo katika Kanuni ya Imani twaiita maondoleo ya dhambi, dimittere, kuacha aende zake, permittere, kuruhusu, committere, kukabidhi. Basi kwa habari ya nafsi, sisi mbele na wao nyuma. Kwa habari ya maana, wao mbele na sisi nyuma. Mwalimu atakayeliona hilo mapema ataokoa mwezi mzima wa kukariri.

Katika kuomba na kutaka, lugha hizi mbili ni kama ndugu. Mittit ni "atuma". Mittat ni "atume". Irabu moja imebadilika, na taarifa imekuwa ombi. Kwetu a imekuwa e. Kwao i imekuwa a. Ndivyo ilivyo katika Requiescant in pace, waliyokuwa wakiitamka mapadre mwishoni mwa Misa ya wafu kwa utaratibu wa zamani: requiescunt ingekuwa "wanapumzika", bali requiescant ni "wapumzike". Na katika kuamuru, Warumi waliongeza te kwa watu wengi kama sisi tuongezavyo ni: mitte, tuma, mittite, tumeni. Hata vitenzi vikaidi vinafanana. Kwetu kuleta huamuriwa "lete" badala ya kufuata kanuni, na kwao ferre, iliyo maana yake hiyo hiyo, huamuriwa fer pasipo irabu ya mwisho. Kwetu kwenda hutoa "nenda". Kwao ire hutoa i, herufi moja peke yake, labda amri fupi kuliko zote tunazozijua. Wingi wake ni ite, yaani nendeni. Ite hiyo tuiweke akiba.

Wako wana wa ziwa hili waliojifunza maumbo hayo kwa jasho. Ng'ambo ya pili, kule Mpala, Mapadre Weupe walikuwa na shule ya waseminari tangu mwisho wa karne ya 19, na humo aliingia kijana wa Kitabwa, Stefano Kaoze. Njia ya upadre siku zile ilipita katika Kilatini: vitabu vya teolojia vilikuwa kwa Kilatini, Misa ilikuwa kwa Kilatini, na asiyejua mitto hakuvuka. Kaoze alivuka. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, ambayo leo huitwa Moba, Askofu Victor Roelens alimpa daraja, akawa padre mwafrika wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji. Mwaka uo huo wa 1917 walipewa daraja mapadre waafrika wa kwanza wa Tanganyika kule Rubya, katika nchi ya Buhaya. Na Uganda iliwatangulia wote kwa miaka minne, mwaka 1913. Kaoze alifariki mwaka 1951. Watu hao walijifunza lugha iliyokuwa haina tena mtu wa kuizungumza nyumbani mwake, kwa kupitia lugha ya tatu ya waalimu wao, nasi hatuoni kama wamesifiwa vya kutosha kwa kazi hiyo ya akili.

Sasa twende katika hali ya kutendwa, maana ndiyo sababu ile nzito tuliyoitaja.

Kwa Kilatini "natumwa" ni mittor, na "atumwa" ni mittitur. Wakati uliopita huhitaji maneno mawili: missus sum, nimetumwa. Nalo missus hubadilika kwa kufuata ngeli, kama "aliyetumwa, iliyotumwa, kilichotumwa": mwanamume ni missus, mwanamke ni missa, kitu ni missum. Hata hapa hakuna shida. Shida huanza tutakapotaka jina la huyo aliyetumwa.

Kiswahili kilikuwa na majina mawili tayari, na yote mawili yametoka katika tuma, na yote mawili maana yake ni mtu wa kutumwa. La kwanza ni mtume. Hiyo e ya mwisho ndiyo e iliyo katika kiumbe, yaani kilichoumbwa, na katika mteule, yaani aliyeteuliwa, na katika mkate, uliokatwa. La pili ni mtumwa, lenye wa ile ile ya kutendwa ambayo kila mtoto wa shule anaijua. Kwa kanuni za sarufi peke yake, mtume na mtumwa ni jina moja. Lakini mmoja wao ni mjumbe wa Mungu, na wa pili ni mtu aliyenunuliwa.

Na hapo Ujiji majina hayo yote mawili yalikuwa yakisikika kila siku kabla padre yeyote hajafika. Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Bagamoyo kupitia Tabora, na mlango wa kuvukia kwenda Manyema. Watu walikuwa wakivushwa kutoka ng'ambo wamefungwa, wakauzwa pale, au wakapelekwa pwani. Hao ndio watumwa. Katika mji ule ule waislamu walisali na kumtaja Mtume wao, Muhammad. Kiarabu nacho humwita rasul, na rasul pia ni aliyetumwa. Na Kigiriki cha Injili humwita apostolos, na apostolos pia ni aliyetumwa. Basi Mapadre Weupe walipowasili Ujiji mwezi wa Januari 1879, hawakuwa na haja ya kubuni neno kwa ajili ya Petro na Paulo. Neno lilikuwako, limekwisha heshimiwa, na waliolilea walikuwa jirani zetu waislamu. Tunaona ni haki kulisema hilo katika kitabu cha jubilei. Pia ni haki kusema kwamba wamisionari waprotestanti wa London Missionary Society walikuwa wamefika Ujiji mwaka mmoja kabla yao, mwaka 1878.

Lakini fikirini mkatekista wa siku zile akisimama mbele ya watu waliokombolewa majuzi, akitaka kuwaambia: "Ninyi nanyi mmetumwa." Mmetumwa! Neno hilo masikioni mwao lilikuwa na mnyororo. Mrumi asingelipata taabu hiyo, kwa sababu mtumwa kwa lugha yake ni servus, jina lisilo na udugu wowote na mittere. Na watu wa milimani wasingelipata taabu hiyo pia. Kwa Kirundi, ambacho Kiha ni ndugu yake wa karibu, kutuma ni gutuma, na intumwa ni mjumbe, tena ndilo jina la Mitume katika Biblia yao. Mtu ashukaye kutoka milimani hadi ufukoni alileta neno la heshima, akalikuta Ujiji limekuwa neno la aibu. Herufi ni karibu zile zile. Biashara ndiyo iliyozitenganisha.

Na sasa tazameni ajabu ya Kilatini. Mittere si kutuma tu. Ni kuachilia pia, kufungua mkono kitu kiende. Mkuki uliorushwa ni wa mittere. Askari wa Roma aliyemaliza miaka yake alipewa missio, na maana yake haikuwa kutumwa vitani, bali kuruhusiwa kwenda kwake. Na bwana alipomwacha mtumwa wake huru, tendo hilo liliitwa manumissio: manu, kwa mkono au kutoka mkononi, na missio, kuachilia. Kitenzi kile kile ambacho kwa Kiswahili kilimfunga mtu, kwa Kilatini kilimfungua. Hatusemi kwamba Warumi walikuwa watu wema kuliko wafanya biashara wa Ujiji. Walikuwa na watumwa wengi mno, nao waliuza watu sokoni kama walivyouzwa huku. Twasema habari za lugha tu.

Mfano mmoja wa mtu aliyeyapitia maneno haya yote kwa mwili wake ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Huyo ni mtumwa. Mapadre Weupe wakamkomboa katika Algeria. Hiyo ni manumissio, ingawa aliyemwachilia alilipwa. Akapelekwa Malta, akajifunza uganga. Kisha Kardinali Lavigerie, aliyelianzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868, akamtuma Afrika ya Mashariki, na mwaka 1889 akafika Karema, kusini yetu kwenye ufuko huu huu. Huyo sasa ni missus. Alikaa Karema akitibu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka 67 mahali pamoja.

Ukweli mwingine usifichwe. Watoto wengi waliokombolewa kandokando ya ziwa walikuwa wadogo mno kuulizwa wapenda kwenda wapi, wakalelewa misioni, wakaozwa misioni, wakalima misioni. Kati ya kukombolewa na kuwa huru kweli kweli palikuwa na mwendo, na wengine waliumaliza katika kizazi cha watoto wao. Sheria ya kuukomesha utumwa kabisa katika Tanganyika ilitoka mwaka 1922 tu.

Turudi kanisani, kwa ile ite tuliyoiweka akiba. Mwisho wa Misa ya Kilatini padre au shemasi hutangaza: Ite, missa est. Watu huitika: Deo gratias. Tumesikia mara nyingi wahubiri wakieleza kwamba maana yake ni "Nendeni, mmetumwa". Ni maneno mazuri, lakini sarufi haiyakubali. "Mmetumwa" kwa wengi ingekuwa missi estis. Hapa imesemwa missa est: missa ya kike, ya umoja, na est, "ni". Wajuzi wengi huiona missa hapa kuwa jina, kwa namna ile ile ambayo Walatini wa zama za mwisho walisema collecta mahali pa collectio na remissa mahali pa remissio. Basi missa ni missio, na missio hapa ni ile ya askari: ruhusa. "Nendeni, ndiyo ruhusa." Yule mwanamke Egeria, aliyehiji Yerusalemu mwishoni mwa karne ya 4 akaandika safari yake, hulitumia neno missa mara nyingi kwa maana hiyo ya kuwaaga watu mwisho wa sala. Hata wakatekumeni walikuwa na missa yao, yaani kutolewa nje kabla ya sadaka. Kisha neno la mwisho likageuka jina la ibada nzima, kama mtu kuuita mkutano wote "kwaheri".

Je, wahubiri wamekosa? Kwa sarufi, ndiyo. Kwa habari ya namna maneno yanavyokua, si sana. Missio yenyewe kwa muda mrefu ilikuwa neno la wanateolojia, waliosema nalo habari za Baba kumtuma Mwana na Roho Mtakatifu. Ni katika karne ya 16, hasa kwa Wajesuiti, ndipo lilipoanza kuwa jina la kazi ya kwenda nchi za mbali kuhubiri, na baadaye jina la nyumba, shamba na shule vya padre, ndivyo tunavyosema misioni. Papa Benedikto XVI aliandika mwaka 2007 kwamba neno hilo la zamani la kuagana limepata maana ya kutumwa katika Kanisa, na mwaka 2008 yakaruhusiwa maneno mengine ya Kilatini ya kuagia, ambamo kutumwa kumetajwa wazi pasipo kuitesa missa. Sisi twaona hiyo ndiyo njia ya adabu: ukitaka kusema "mmetumwa", sema hivyo, wala usiilazimishe missa kuzaa asichokichukua mimba.

Baada ya Mtaguso kutoa ruhusa mwaka 1963, Misa ikaja kwa Kiswahili, na ite ikawa nendeni, ambayo ni sawasawa kabisa, silabi ya wingi kwa silabi ya wingi. Missa est ndiyo iliyobaki bila mwenzake. Wasemapo "Misa imekwisha, nendeni na amani", wametafsiri jambo, si neno. Nasi hatuna tafsiri iliyo bora ya kupendekeza, kwa sababu Kiswahili hakina kitenzi kimoja kinachotuma na kuachilia kwa pamoja.

Jina la nchi yetu ya kikanisa nalo linatoka humo humo. Kigoma ilipofanywa Vikarieti ya Kitume mwaka 1946 chini ya Askofu Jan van Sambeek, na hata ilipokuwa Jimbo mwaka 1953, neno "kitume" lilikuwa limebeba apostolos ya Kigiriki katika vazi la tuma. Wachache walilisikia hivyo. Masikio huzoea.

Kwa waalimu watakaotaka kuyafikisha haya darasani, twashauri wasianze na orodha ndefu. Mwalimu aandike ubaoni maneno mawili, mittimus na twatuma, awaulize watoto mtu yuko wapi katika kila neno. Kisha aandike atuma na atume, mittit na mittat, awaache watafute wenyewe irabu iliyohama. Akiona wamefurahi, aandike mtume na mtumwa kwa mstari mmoja, akae kimya kidogo. Pale Ujiji yupo mara nyingi mtoto ambaye bibi yake alimsimulia jambo, naye atainua mkono.